Barua ya wazi: Muulizeni mwanamke mwenyewe, tena mmuulize vizuri

Kwa wasimamizi wa takwimu za afya, wakuu wa hospitali na vituo vya afya, na wote mnaopitisha dodoso kabla halijafika kwa wananchi,

Salaam kwenu.

Mimi ni mdadisi. Ninakaa na mwanamke, ninamsomea maswali mliyoyapitisha, anajibu, ninajaza. Kila asilimia mnayoisoma kwenye ripoti ilianza kama sauti ya mtu mbele ya mtu kama mimi, na kuna jambo moja ninaloliona likipotea njiani kila mara: wanawake kutokwa na mkojo bila kukusudia. Namsema yule anayepiga chafya nguo ikalowa, yule anayebanwa ghafla asifike chooni, na yule aliyekusanya yote mawili.

Mara nyingi swali lenyewe halipo. Dodoso linauliza presha, linauliza sukari, linauliza idadi ya mimba hadi zile zilizoharibika, halafu linaruka. Likiwapo, limeandikwa kwa namna ambayo jibu linajulikana kabla sijafungua mdomo: hapana. Kisha ripoti inatoka ikisema tatizo ni dogo, bajeti inaifuata ripoti, na dodoso lijalo likipangwa mtu anauliza kwa nini tupoteze nafasi kwa jambo dogo namna hiyo.

Ninachoomba ni kwamba jambo hili lipimwe kwa kauli ya mwanamke mwenyewe, na kauli hiyo ichukuliwe kwa uangalifu uleule mnaoutumia kupima presha. Hakuna muuguzi anayefunga mpira wa presha juu ya koti zito halafu akaandika tarakimu. Kwa mkojo tunafanya hivyo kila siku.

Najua miongoni mwenu wapo wasioamini kabisa maneno ya mhojiwa. Wanataka mashine. Madaktari wa njia ya mkojo wenyewe wana msemo, wa tangu miaka ya 1970, kwamba kibofu ni shahidi asiyetegemeka: mwanamke anaeleza hivi, vipimo vinaonyesha vingine. Kwa daktari anayetaka kujua nini hasa kimeharibika ndani kabla hajashika kisu, msemo huo una mashiko. Lakini angalieni mashine inavyopima. Mwanamke analazwa au kukalishwa kwenye chumba asichokizoea, anawekewa mrija mwembamba, kibofu kinajazwa maji kwa kasi ambayo figo zake hazijawahi kuifanya, kisha anaambiwa akohoe mbele ya watu asiowajua. Wapo wanaovuja kila siku nyumbani, na pale hawatoi hata tone. Je, tuandike kwamba hawavuji?

Pedi ya kupimwa kwenye mizani ni afadhali. Katika jaribio la saa moja mwanamke anakunywa nusu lita ya maji, anakaa, anatembea, anapanda ngazi, anainama, anakohoa, ananawa mikono kwenye maji yanayotiririka, halafu pedi inapimwa. Ikiongezeka uzito kwa zaidi ya gramu 1, inahesabiwa kwamba amevuja. Lipo pia la saa 24, anapokusanya pedi zake zote za siku nzima. Ni vipimo vya maana hospitalini. Lakini vinasema habari za saa ile au siku ile tu, na sijaona bado idara iliyo tayari kutuma wadadisi wakusanye pedi za maelfu ya wanawake nyumba kwa nyumba. Tukisema tusubiri kipimo cha mashine ndipo tuhesabu, maana yake tumeamua kutohesabu.

Na wenye fani wenyewe walishalimaliza suala hili. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa udhibiti wa mkojo, ICS, zamani kilitaka mambo mawili ndipo mtu ahesabiwe: kuvuja kwake kuwe kero kwa usafi wake au maisha yake mbele ya watu, na kuwe kunaweza kuthibitishwa na mtu mwingine. Mwaka 2002 kikabadili. Tangu hapo ni malalamiko ya kutokwa na mkojo bila kukusudia, kwa kiasi chochote. Kwa hiyo neno la mwanamke si kibadala cha muda mpaka mashine nzuri ipatikane. Limo ndani ya ufafanuzi wenyewe, na ni juu yenu kulipokea vizuri.

Hapo ndipo tunapoharibu.

Chukueni Norwei. Kati ya 1995 na 1997, katika jimbo la Nord-Trøndelag, wanawake wote wa miaka 20 na zaidi waliulizwa habari hizi kwa dodoso. Waliojibu walikuwa 27,936. Ukihesabu kila aliyesema mkojo humtoka bila kukusudia, unapata asilimia 25. Ukimhesabu yule tu anayevuja kwa kiwango cha kati au kikubwa na ambaye jambo lenyewe linamsumbua, unabaki na karibu asilimia 7. Wanawake walewale, karatasi zilezile. Marekani nako, utafiti wa taifa wa afya na lishe ulipohesabu uvujaji wa aina yoyote kwa miaka ya 2001 hadi 2004, ulipata karibu nusu ya wanawake. Utafiti huohuo ulipohesabu mwaka 2005 na 2006 wale tu wa kiwango cha kati na kikubwa, ukapata asilimia 15.7. Hakuna muujiza uliotokea katikati ukawaponya wanawake wa Marekani. Mstari wa kuhesabia ndio uliosogea.

Ndiyo maana ukikusanya tafiti za dunia nzima unakuta tarakimu kutoka asilimia 5 hadi karibu 70, nyingi zikiangukia kati ya 25 na 45. Msomaji wa haraka atasema wanawake wanadanganya. Mimi ninayeuliza nasema kila mmoja ameulizwa kitu tofauti. Mmoja aliulizwa kama imewahi kumtokea, mwingine kama ilimtokea mwaka uliopita, mwingine kama humtokea angalau mara moja kwa wiki, mwingine kama ana ugonjwa. Halafu tunaziweka tarakimu hizo kwenye jedwali moja na kushangaa hazilingani. Ripoti inayotoa asilimia bila kuchapisha swali lenyewe, neno kwa neno, pamoja na kipindi kilichoulizwa, mimi ningeirudisha kwa aliyeiandika.

Swali baya kuliko yote ninalijua kwa moyo, maana nimelisoma kwa wengi: "Je, una tatizo lolote la kuzuia mkojo?" Lina neno tatizo, na neno hilo linamtaka mwanamke atoe hukumu kabla hajatoa habari. Niliwahi kulisoma kwa mama mmoja mtu mzima, akasema hana, nikajaza hana, majibu yakatumwa. Tukiwa tunaagana akaniambia hawezi kwenda safari ya gari bila kuvaa pedi, na pengine mbili. Nikamuuliza mbona amesema hana tatizo.

"Hilo si tatizo, mwanangu," akanijibu. "Hiyo ni hali ya mtu aliyezaa."

Hakusema uongo. Alijibu alichoulizwa. Kwenye takwimu zenu yumo miongoni mwa wasiovuja, na kishikwambi hakinipi njia ya kurudi nyuma.

Na yeye si peke yake. Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kwamba chini ya nusu ya wanawake wanaovuja mkojo huenda kumwona mtaalamu. Baadhi wanaona aibu, wengine wanaamini ndiyo hatima ya uzazi au uzee, wengine walishasema wakaambiwa wazoee. Kwa hiyo anayetaka kukadiria ukubwa wa jambo hili kwa kuhesabu faili za kliniki anahesabu wale waliovuka kizingiti hicho tu. Wanawake huambiwa mficha uchi hazai, kana kwamba wao ndio wafichaji. Katika hili naona fomu ndiyo inayoficha zaidi.

Swali zuri linauliza kilichotokea. "Katika wiki 4 zilizopita, je, mkojo umekutoka bila kukusudia, hata kama ni kidogo tu?" Hayo maneno ya mwisho yana kazi kubwa. Bila hayo, mwanamke anayelowa matone anaona haulizwi yeye. Baadaye, akishasema ndiyo, fuateni: mara ngapi, kiasi gani, ukiwa unafanya nini. Swali la kama linakusumbua lije mwisho, na lijitegemee.

Wala hamhitaji kuanza na karatasi nyeupe. Lipo dodoso fupi la kimataifa la kupima kuvuja mkojo, liitwalo ICIQ, lililochapishwa mwaka 2004, nalo lina maswali manne tu. Linauliza mara ngapi, alama 0 hadi 5. Linauliza kiasi, alama 0, 2, 4 au 6, na linataja waziwazi kwamba ujibu uwe umevaa pedi au hujavaa, kwa sababu aliyevaa pedi nzito anaweza kudhani havuji kwa kuwa nguo ni kavu. Linauliza linaathiri maisha yako kiasi gani, 0 hadi 10. Jumla 21. Swali la nne halina alama. Linauliza mkojo hutoka lini: kabla hujafika chooni, ukikohoa au kupiga chafya, ukiwa usingizini, ukifanya mazoezi, ukishamaliza kukojoa na kuvaa, bila sababu yoyote inayojulikana, au wakati wote.

Napenda kwamba karibu nusu ya alama zote ziko kwenye athari kwa maisha. Sipendi kwamba zinajumlishwa. Mwanamke mwenye alama 12 anaweza kuwa anavuja sana na hajali, au anavuja matone na amejifungia ndani. Kwa daktari anayemfuatilia mtu mmoja, jumla inatosha kuonyesha kama anapata nafuu. Kwa wapangaji kama nyinyi, chapisheni vipande vyake.

Kuna kipimo kingine kifupi zaidi, kilichoanzia Norwei mwaka 1993 kwa mtafiti Hogne Sandvik na wenzake: unachukua mara ngapi, 1 hadi 4, unazidisha kwa kiasi, 1 au 2. Watafiti walikilinganisha na uzito wa pedi wakaona vinapanda pamoja: kadiri alama inavyokuwa kubwa, ndivyo pedi inavyozidi uzito. Kwa utafiti mkubwa wenye nafasi ya maswali mawili tu, mimi ningechagua hicho. Lakini muwe macho. Anayetokwa na matone kila siku anapata 4. Anayemwagika mara chache kwa mwezi naye anapata 4. Wa kwanza hununua pedi mwaka mzima, wa pili anaogopa kwenda kazini. Namba moja, maisha mawili.

Kama mnataka kujua aina, si wingi peke yake, mwaka 2006 yalichapishwa maswali matatu ya kutenganisha kuvuja kwa kukohoa na kunyanyua vitu na kule kwa kubanwa ghafla. Watafiti waliyajaribu kwa kuyalinganisha na uchunguzi kamili wa wataalamu. Kwa kuvuja kwa kubanwa, majibu ya wanawake yaliwanasa 75 kati ya kila 100 waliokuwa nako, na yakawaacha sawasawa 77 kati ya kila 100 wasiokuwa nako. Kwa kule kwa kukohoa na kunyanyua, ilikuwa 86 na 60. Si kamilifu, na kwa uamuzi wa upasuaji hayatoshi. Kwa kuamua mwanamke aanze mazoezi gani mashinani, bila mrija na bila rufaa ya mbali, ni zaidi ya tulichonacho sasa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata madodoso mazuri hulipita kwa haraka, na ndilo linaloniuma zaidi.

Mwanamke anayevuja hakai akisubiri avuje. Anapanga. Anapunguza maji asubuhi akijua ana kikao. Anaenda chooni kila baada ya nusu saa hata kama hajabanwa. Anajua choo kiko wapi kila anapoingia, kabla hajajua mwenyeji ni nani. Ameacha kukimbia, kuruka, kucheza ngoma, kumbeba mtoto mgongoni, ameacha kucheka kwa nguvu. Anachagua nguo nyeusi. Amehamia kiti cha mwisho kanisani au safu ya nyuma msikitini. Wengine wameacha tendo la ndoa, na sababu wanayompa mume ni nyingine kabisa. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza amevuja mara ngapi katika wiki 4, atakwambia kwa ukweli kabisa: mara moja, au hapana. Kipimo chenu kitasema yuko salama. Amelipa usalama huo kwa kuacha nusu ya maisha yake, na malipo hayo hayapo popote kwenye dodoso.

Ubaya wa hilo unaonekana hasa mnapopima mafanikio. Mradi unaanza, wanawake wanafundishwa mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile ya chini inayoshikilia kibofu, wanapata nguvu, wanaanza tena kukimbia na kunywa maji kama watu wengine. Baada ya miezi mitatu unauliza wamevuja mara ngapi. Huenda jibu ni lilelile, maana sasa wanakimbia. Kwenye jedwali mradi umefeli. Kinyume chake, kijiji au mtaa ambao wanawake wamejifungia ndani utaonekana umepona. Kwa hiyo naomba liongezwe swali moja, la wazi: "Kuna jambo lolote umeliacha au unalikwepa kwa kuogopa mkojo kukutoka?" Na muache nafasi aseme ni jambo gani. Uchambuzi wake ni mgumu, najua, hauingii kwenye kisanduku cha ndiyo na hapana. Kuna watu mnawalipa kwa kazi hiyo.

Nani yuko chumbani nalo ni sehemu ya kipimo. Mnatuelekeza tumhoji mwanamke peke yake, kisha mnatupangia nyumba nyingi kwa siku kiasi kwamba hatuna muda wa kusubiri mkwe atoke. Basi tunauliza mkwe akiwepo, na binti mkubwa akiwa mlangoni. Kwa maswali ya siri kama haya, watu hufunguka zaidi wanapojaza wenyewe kuliko wanaposema mbele ya mtu. Wanaofanya tafiti wanalijua hilo siku nyingi. Vishikwambi tunavyo tayari. Mwekeeni mwanamke visikizi, swali lisomwe kwa sauti iliyorekodiwa, abonyeze jibu mwenyewe, mimi nikae upande wa pili nisione. Asiyejua kusoma naye atajibu. Na swali lisiwekwe mara baada ya lile la idadi ya wapenzi, mahali ambapo kila mtu ameshakunja uso. Liwekeni jirani na maumivu ya mgongo na kukosa usingizi, liwe jambo la mwili kama mengine.

Kuhusu kipindi cha kuuliza, nitasema kwa ufupi: wiki 4 zinakumbukika, mwaka haukumbukiki. Kasoro ni kwamba aliyekuwa na kikohozi mwezi huo ataonekana mbaya kuliko alivyo. Basi muulizeni kama alikuwa na kikohozi. Na wajawazito pamoja na waliojifungua karibuni wachambuliwe peke yao, kwa sababu wengi wao hali hubadilika ndani ya miezi.

Kuna kundi ambalo kauli peke yake haitoshi, nami sitaki mtu aseme nimelificha. Fistula ya uzazi, tundu linalotokana na uchungu wa muda mrefu, humfanya mwanamke avuje mfululizo, usiku na mchana. Tafiti za kaya huuliza kuihusu, na ni vizuri ziulize. Lakini fistula ni adimu ikilinganishwa na uvujaji wa kawaida, na hapo hesabu inageuka. Tuseme ipo kwa mwanamke 1 kati ya 1,000, na swali letu linakosea kwa 1 tu kati ya kila 100 wasiokuwa nayo. Katika wanawake 1,000, swali litamtaja mgonjwa mmoja wa kweli na wengine karibu 10 ambao hawana. Wengi wa hao 10 wanavuja kweli, ila kwa sababu nyingine. Ukichapisha 11 umepotosha wapangaji, na ukiwafukuza 10 wakifika hospitalini kwa kuwa hawana tundu umewakatisha tamaa watu wanaohitaji huduma. Kwa fistula, basi, kauli ya mwanamke iwe mlango wa kumfikisha kwa mchunguzi, na uchunguzi ndio utoe idadi. Swali la kama anavuja mfululizo au kwa vipindi liulizwe kwa wote, maana ndilo linalotenganisha.

Mwenye shaka bado kuhusu thamani ya kauli ya mwanamke namkumbusha habari ya nyavu za plastiki. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, wanawake waliovuja walishonewa utepe wa wavu chini ya mrija wa mkojo, na wengine wakawekewa nyavu kubwa zaidi kwa ajili ya viungo vya nyonga vilivyoshuka. Wengi walisaidika. Wengine walipata maumivu yasiyokwisha, walipoyaeleza wakajibiwa kwamba upasuaji umefanikiwa, kwa sababu kilichohesabiwa kama mafanikio ni kutovuja. Uingereza ilisimamisha matumizi hayo mwaka 2018, na mwaka 2020 tume iliyoongozwa na Julia Cumberlege ikaeleza jinsi wanawake walivyosema kwa miaka bila kusikilizwa. Sababu za balaa lile ni nyingi, lakini mojawapo inatuhusu hapa: hakukuwa na utaratibu wa kumuuliza kila mwanamke, kabla na baada, anaishije, kisha jibu lake likakaa mahali panapoonekana na wote. Madaktari si watu wabaya. Ila imepimwa zaidi ya mara moja kwamba daktari akikadiria mgonjwa wake anasumbuliwa kiasi gani na mkojo, hukadiria chini ya mgonjwa mwenyewe.

Basi hospitali nazo zina la kufanya, si idara za takwimu tu. Maswali manne yale ya ICIQ yaingie kwenye fomu ya mama anayerudi kliniki baada ya kujifungua, na kwenye fomu ya mwanamke anayekuja na kisukari au kikohozi kisichoisha. Ajaze akiwa anasubiri kwenye benchi. Muuguzi ayaone kabla hajamwita.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mimi ndiye ninayebaki na mwanamke baada ya swali. Akishaniambia ndiyo, anavuja, ananitazama. Anasubiri niseme kitu. Dodoso linaniamuru nisome swali linalofuata. Kumfungua mtu mdomo kwa jambo alilolificha miaka, kisha kumwuliza paa la nyumba yake ni la nini, ni ukatili ambao sidhani mliukusudia. Dawa ya kwanza si ghali: mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, yakifundishwa na kusimamiwa kwa angalau miezi 3, kukaza misuli mara 8 au zaidi katika kila awamu, awamu tatu kwa siku; na kwa wanaobanwa, kukizoesha kibofu kusubiri kidogo kidogo. Mkunga anaweza kufundishwa akafundisha. Niachieni basi karatasi moja ya kumpa, yenye mazoezi hayo kwa picha na jina la kituo ambako kuna mtu anayejua. Kama kituo hicho hakipo, kipatikane kabla dodoso halijatoka.

Ikiwa mwaka huu mna nafasi ya jambo moja tu, litoeni neno "tatizo" kwenye swali, muweke maneno "hata kama ni kidogo tu". Jipangeni tu kwa kuwa asilimia itapanda, pengine mara kadhaa, na mtu kutoka hazina atauliza kwa nini wanawake wameanza kuumwa ghafla. Muonyesheni maswali yote mawili, la zamani na jipya, bega kwa bega.

Na kabla ya kulipitisha, lisomeni kwa sauti mbele ya wanawake wasio wafanyakazi wenu, wa umri mbalimbali, waliozaa na wasiozaa. Kila mmoja alieleze upya kwa maneno yake. Watakapokwama, futeni muandike tena.

Wenu katika kazi,

Mdadisi wa tafiti za afya